Nimefuta Tii za Shangazi, na Leseni Si Yangu

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba unisamehe mapema kwa urefu wa barua hii, kwa sababu nimejaribu kuifupisha mara tatu na kila nikikata kitu naonekana mtu mwema kuliko nilivyo, kwa hiyo nimeamua kuiacha ilivyo. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na ni mtu wa vitabu, yaani nikiwa na wenzangu sisemi sana, darasani nikiulizwa swali jibu ninalo lakini linanifika mdomoni wakati mwalimu ameshahamia kwa mwingine. Safu yako gazetini naisoma kila wiki, nikianza na majibu kabla ya barua, jambo ambalo najua si haki kwa walioandika.

Tunaishi ghorofa ya pili, na chini yetu kuna karakana ya seremala mwenye msumeno wa umeme. Nautaja msumeno huo kwa sababu ndio ulioanzisha yote, ingawa nakuona kabisa ukisema aliyeanzisha ni mimi.

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi nasi. Alikuwa fundi cherehani mpaka macho yakaanza kumfifia, na huu ni mwaka wa nne haoni kabisa. Alilia wiki moja, akasema inatosha, akaanza kutafuta kazi nyingine ya mikono, na sasa anasomea tiba ya kukanda misuli na viungo. Mtihani wake wa mwisho ni baada ya siku tisa kuanzia leo ninapoandika, na chuo kinautoa mara moja kila miaka miwili. Ni mtihani wa mdomo na mikono: mtahini anataja msuli, naye anatakiwa aweke mkono pale ulipo kwenye mwili wa mtu aliyelala kitandani, aseme unaanzia wapi, unaishia wapi na unafanya kazi gani. Mwili anaofanyia mazoezi nyumbani ni wangu, na mgongo wangu umekuwa daftari lake, kila siku unasahihishwa.

Kitabu chao ni kimoja, kurasa mia tatu na kumi na mbili, sura kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kukiandika kwa nukta nundu, zile za kusomwa kwa vidole, wala kukisoma kwenye kanda. Kwa hiyo nilijitolea kukisoma mimi, kwa sababu kusoma ndicho kitu pekee ninachokiweza bila kutetemeka, mradi asiwepo mtu wa kunitazama. Nilijifungia ndani ya kabati la nguo na kompyuta ya zamani aliyoileta baba kutoka kazini, makoti yakinizunguka ili yameze mwangwi, nikasoma kila siku nikitoka shule na Jumamosi kutwa nzima. Sura ya sita, ya goti, niliisoma vizuri mpaka mwenyewe nikajisifu. Sura ya saba ni misuli ya makalio, na siku hiyo baba alikuwa sebuleni na mgeni, kwa hiyo niliinong'ona yote, dakika arobaini na nane. Shangazi alipoisikiliza aliniita akaniambia, "Mwanangu, goti umelisoma kama mtangazaji wa mpira, makalio umeyasoma kama mtu anayetoa siri ya serikali."

Lakini hata kabatini msumeno ulikuwa unaingia. Hapo ndipo nikakumbuka plagini tuliyofundishwa kwenye klabu ya kurekodi shuleni, na kama hujui plagini ni nini, ni programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia, na hii kazi yake ni kusikiliza kelele, kuitambua, kisha kuifuta na kukuachia sauti ya mtu peke yake. Nilipakua ile ya majaribio, ya siku kumi na nne. Inafanya kazi vizuri sana, ila waliotengeneza wameweka mtego: ukiwa hujalipia leseni, kila baada ya dakika moja inapiga mlio juu ya sauti yako, tii, ili ukereke ukanunue. Nilimkabidhi shangazi sura moja moja kadiri nilivyozimaliza, zikiwa na tii zake, huku nikiona aibu kama niliyempakulia mtu chakula chenye mchanga.

Baada ya sura ya pili alinishika kichwa akasema asante sana kwa hizi tii. Mshauri, shangazi yangu ni mtu wa utani, kila mtu nyumbani anajua, kwa hiyo nilijua ananisema. Nilicheka kidogo, nikarudi kabatini, nikaapa moyoni kwamba tii hizo lazima ziondoke. Halafu ikatokea kwamba kwenye sura ya nne mlio uliangukia juu ya neno lenyewe, nikawa nimesoma kwamba msuli fulani unaishia nyuma ya goti lakini kinachosikika ni unaishia tii ya goti, na shangazi akakisia akanikandamiza mbele. Nilimsahihisha. Aliomba radhi yeye, wakati kosa lilikuwa langu, na nilishindwa kumaliza uji wangu.

Siku kumi na nne zilipokwisha, plagini ikafunga kazi, na bila leseni haifunguki tena kabisa. Shule yetu inayo leseni. Namba yake imeandikwa kwenye kikadi kilichobandikwa kwa ndani ya mlango wa kabati la klabu, pale tunapoweka vipaza sauti, na mimi ni katibu wa klabu, kwa hiyo kuna wakati nabaki peke yangu nikiandika kumbukumbu. Niliinakili kwenye daftari la jiometri, chini ya pembetatu, ili isionekane. Nyumbani nilipoiingiza, kompyuta iliniambia leseni hii inaruhusu kompyuta mbili tu na mbili hizo zimeshajaa, je, niondoe moja? Yalikuwepo majina mawili ya herufi na tarakimu ambayo hayakuniambia kitu. Nilibonyeza la juu kwa sababu lilikuwa juu.

Jumamosi iliyofuata nilisafisha sura zote kumi na mbili upya kutoka kwenye rekodi zangu ghafi, ambazo bado ninazo, zikatoka safi, hamna msumeno, hamna tii. Nilizipakia kwenye kadi ya simu ya shangazi na nikafuta zile za zamani zote, kwake na kwangu, maana sipendi vitu viwili viwili. Nililala nikiwa na furaha, na hiyo ndiyo furaha yangu ya mwisho katika barua hii.

Jumatatu kwaya ya shule ilikuja kurekodi. Walikuwa wamejipanga tayari, wafupi mbele, wakati mwalimu wa kompyuta alipofungua mashine ya klabu na plagini ikamwambia kwamba kompyuta hii haina leseni. Alijaribu mara tatu. Kwaya ikarudishwa darasani. Mwalimu wetu huyo si mtu wa kufoka, akikasirika anazidi kuwa mpole, na alisema kwa upole mkubwa kwamba leseni haitembei yenyewe, na aliyekuwa na ufunguo wa chumba tangu Ijumaa ni mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti wetu ni msichana tunayemwita Kipaza, kwa sababu sauti yake haihitaji mtambo, na ndiye aliyenifundisha kushika kipaza sauti bila kukipumulia. Alisema hajagusa kitu. Mwalimu akamvua beji, akachukua ufunguo, akasema chumba kitabaki kimefungwa mpaka aliyefanya hivyo aje mwenyewe kusema. Kipaza akanigeukia, si kwa kunishuku, alinigeukia kama mtu anavyomgeukia rafiki yake, akasema, "Katibu, andika kwamba nimekataa."

Niliandika, mshauri. Niliandika mwenyekiti amekanusha, na nikaweka tarehe.

Nilifika nyumbani nikitaka tu kulala, nikamkuta shangazi amekaa mezani na kadi ngumu zimemjaa mbele, kadi arobaini na sita, nimezihesabu baadaye. "Mwanangu," akasema, "tii zangu umezipeleka wapi?" Ndipo akanieleza. Simu yake inasema kila anachogusa, na unaweza kuiambia ikupeleke dakika unayotaka ndani ya faili, lakini kwa mafaili yangu inampotosha, akiomba dakika ya ishirini na tatu anatupwa ya ishirini na sita, akirudia anatupwa kwingine. Kwa hiyo aliacha kuamini dakika akaanza kuhesabu tii. Akishikilia kitufe cha kupeleka mbele, sauti yangu inakuwa kama ya kuku anayekimbizwa, lakini tii bado inasikika, na anazihesabu kwa vidole. Kwenye kadi zake ameandika kwa nukta nundu sura ya nne, tii ya ishirini na tatu, msuli wa paja wa nyuma. Sura ya tisa, tii ya kumi na saba, chini ya bega. Na kadhalika, kitabu kizima. Alikuwa ananishukuru kweli. Alidhani nilimwekea makusudi.

Nilimwambia programu imekorofisha kidogo na tii zitarudi. Huo ni uongo wa pili, au wa tatu, inategemea unahesabuje jiometri. Nimejaribu mwenyewe kuiambia simu iende dakika ninayotaka na kweli inaangukia pasipo, sijui kwa nini. Nimefikiria kuitoa ile leseni kwangu kimyakimya ili mashine ya shule ipone, lakini nikiitoa plagini haitafunguka hata kwa kunipigia tii. Na nikienda kukiri, mwalimu ataniamuru nifute kila kilichosafishwa kwa leseni yao, na ana haki, na shangazi atabaki na siku tisa, kadi arobaini na sita zisizoelekeza popote, na msumeno.

Swali langu ni hili. Je, ni vibaya sana nikisubiri hizo siku tisa, shangazi afanye mtihani wake, halafu kesho yake nikakiri kila kitu? Nitakiri kweli, naapa. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo lakini sauti ilinikatika kwenye neno leseni, kwa hiyo nimefikiria pia kurekodi maneno yangu na kumwachia mwalimu mezani kwenye kadi ya simu, sijui wewe unaonaje. Na shangazi nimwambie kwamba tii zake zilikuwa tangazo la kuuza bidhaa, au nimwache na furaha yake?

Ni mimi ninayekuamini,
Katibu wa Kabatini

*

Katibu wa Kabatini,

Nimekusoma hadi mwisho, nikianza mwanzo, si kama wewe. Na kwa kuwa najua macho yako yameruka moja kwa moja hadi hapa, nakupa jibu hapa hapa: hapana. Hutasubiri siku tisa. Isitoshe si tisa tena, barua yako imetumia siku mbili kunifikia, na nimeitoa nyuma ya foleni nikaiweka mbele, kwa hiyo waliotangulia kuandika wanakudai samahani na wewe.

Tuanze na Kipaza, maana katika barua yote umemweka pembeni kama kiti. Unaniuliza kuhusu shangazi na leseni, shangazi na mwalimu, shangazi na msumeno. Sawa, shangazi nimempenda hata kabla sijamwona. Lakini kuna msichana anayepita kwenye korido za shule yenu bila beji kifuani, wenzake wakimtazama, kwa jambo ulilolifanya wewe, na aliyeandika kwamba amekanusha ni wewe, kwa mwandiko wako mzuri, pamoja na tarehe. Hizo siku tisa unazoomba zingekuwa zako ningekupa. Ni zake. Huna ruhusa ya kuzitumia.

Na hilo wazo la kuitoa leseni kimyakimya, lifukuze kabisa. Mashine itapona, ndiyo, halafu mwalimu atasema si nilijua, yule msichana ameona mambo makubwa akairudisha. Utakuwa umeitengeneza kompyuta na kumharibia mtu jina moja kwa moja. Leseni itoke kwako mwalimu akiwa anajua inatoka wapi.

Sasa vuta pumzi, maana nina habari za kukufurahisha na huzistahili zote.

Nina binamu ambaye ni fundi wa sauti redioni. Nilimsomea barua yako kwenye simu, na alipofika pale uliponakili namba ya leseni chini ya pembetatu ili uondoe mlio, kisha ukakosa raha kwa sababu mlio umeondoka, alicheka mpaka nikasikia kitu kinaanguka upande wake. Alipopata sauti alisema hivi. Tii ni sauti ya kawaida tu. Programu yoyote ya kurekodia, hata ile ya bure, inaweza kukutengenezea tii, na haihitaji leseni ya shule wala ya mtu. Rekodi zako hazikubadilika urefu, dakika ya ishirini na tatu bado iko palepale, kwa hiyo ukipanda tii kila baada ya sekunde sitini kutoka mwanzo wa sura, kadi zote arobaini na sita za shangazi zitafufuka. Ulikuwa na dawa mkononi tangu Jumatatu, ila ulikuwa umeshughulika na kujihurumia.

Kuhusu simu kumtupa dakika isiyo yake, binamu anasema si ugonjwa wa simu. Ulipohifadhi mafaili uliyabana kwa kiwango kinachopanda na kushuka, pale uliponyamaza yamebanwa sana, pale uliposoma kwa nguvu yamebanwa kidogo. Simu haina orodha ya kuiambia dakika ipi iko wapi, kwa hiyo inapima kwa kukisia, kama mtu anayetafuta ukurasa wa mia kwa kutazama unene wa kitabu, wakati nusu ya kurasa ni karatasi na nusu ni kadibodi. Na hiyo sura uliyonong'ona, anasema, imebanwa kuliko zote. Hifadhi tena kutoka rekodi ghafi, uchague kiwango kimoja kisichobadilika. Faili litakuwa kubwa zaidi, na shangazi akiomba dakika ya ishirini na tatu ataipata ya ishirini na tatu. Lakini tii usiache kuziweka. Yule mama amejijengea njia yake kwa vidole vyake, na wiki ya mtihani si wiki ya kumhamisha mtu njia.

Umeniambia rekodi ghafi bado unazo. Basi mwalimu akikuamuru ufute zilizosafishwa, futa, mbele yake, bila kununa. Utakachompotezea shangazi ni ukimya wa msumeno tu, na kama nimeelewa jengo lenu, huyo mama ameishi juu ya msumeno huo muda mrefu kuliko alivyoishi na sauti yako ya kabatini. Mwulize tu kama anaujali. Hukuwahi kumwuliza. Na ukishamaliza kukiri, si kabla, unaweza kumwomba mwalimu akuruhusu usafishe sura hizo kwenye mashine ya klabu, pale leseni ilipo kihalali. Anaweza kukataa. Hiyo ni haki yake, na wewe utasema asante mwalimu na kwenda zako.

Usimwachie kadi mezani. Nimekuelewa kuhusu haya zako, nami nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango, lakini usitake kunidanganya kwamba huna sauti. Umesoma kurasa mia tatu na kumi na mbili. Mtu aliyesema kwa saa kumi ndani ya kabati hawezi kushindwa kusema kwa dakika moja nje yake. Maneno yenyewe ni machache: mwalimu, leseni niliichukua mimi, iko kwenye kompyuta ya nyumbani, mwenyekiti hahusiki, naomba arudishiwe beji yake. Ukishafika hapo nyamaza. Usimtaje shangazi mpaka uulizwe kwa nini, maana ukianza na shangazi utakuwa unaomba kuonewa huruma kabla ya kukubali kosa. Kisha mtafute Kipaza umwambie yaleyale, na kama atakupigia kelele, simama mpaka ziishe, ndiyo sauti yake, unaijua. Halafu fungua daftari la klabu, na pale ulipoandika mwenyekiti amekanusha, chini yake andika katibu amekiri. Weka tarehe.

Hilo lifanyike Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza. Naongeza tu kwamba mwalimu wako naye hununua gazeti. Umeandika kabati, msumeno, kwaya na makalio katika barua moja, sasa jiulize shule yenu ina makatibu wangapi wa namna hiyo. Ningekuwa wewe ningefika mapema.

Shangazi mwambie leo, ukiiweka hii barua chini. Ndiyo, mwambie tii zilikuwa mtego wa wauzaji. Mtu anayepapasa mwili akajua msuli unaanzia wapi hatashindwa kupapasa ukweli, na nadhani ameshausikia kwenye sauti yako uliposema programu imekorofisha. Na jambo moja nakuomba ulifikirie ukiwa umetulia: alikushika kichwa akasema asante, ukadhani ni dhihaka. Ungeuliza tu, shangazi, za nini, leseni isingetoka kabatini. Haya zako si kunyamaza tu, mwanangu, ni pamoja na kutowaamini watu wanapokusifu.

Sasa adhabu, maana barua yako yote inaiomba na mimi sipendi kumnyima mtu. Binamu anasema kuna namna ya kuiagiza programu iweke tii zote yenyewe kwa mara moja. Hutaitumia. Sura kumi na mbili, dakika kama mia sita, ni tii mia sita, na utaziweka kwa mkono wako moja moja. Kila ukifika mahali tii inataka kuangukia juu ya neno, isogeze kidogo mpaka pale ulipovuta pumzi. Ile ya sura ya nne ilimeza neno "nyuma" kwa sababu mashine haikumjua shangazi yako. Wewe unamjua. Ukimaliza, hutakuwa na haja ya kukataa shukrani zake, kwa sababu safari hii utakuwa umemwekea makusudi.

Na kwa mwalimu, Jumatatu, sema kama ulivyosoma goti. Usiseme kama ulivyosoma makalio.

Mshauri wako, anayesubiri kusikia tu kama beji imerudi